Homu ya CNC ndogo: alama ya jicho, swichi, sensa, au uiache mota igonge ukuta?

Swali la homu, yaani pembe ya kuanzia ya mashine ndogo ya CNC (inayokata kwa kuongozwa na kompyuta), huja kama swali la mnunuzi: swichi gani nzuri, ya kubofya au ya sumaku? Ukimsikiliza muulizaji hadi mwisho, mara nyingi shida yake si swichi hata kidogo. Biti imeanza kukata milimita mbili nje ya alipotaka, au imezama kwenye taya la jiliwa, na mtu kamwambia dawa ni homu. Anafunga swichi tatu, anapanga waya vizuri, na biti inaanza nje ya mstari vilevile.

Hiyo ni kwa sababu mashine ya CNC ina sifuri mbili. Ya kwanza ni ya mashine yenyewe: pembe moja ya eneo inakoweza kutembea, isiyobadilika hata ukibadilisha kazi. Hiyo ndiyo homu. Ya pili ni sifuri ya kazi: kona ya kipande ulichokibana leo, au katikati ya tundu, au uso wa juu wa bamba. Programu ya kukata inafuata hii ya pili. Homu haijui kipande chako kiko wapi, haijui hata kama umekibana. Bodi inayoongoza mota inachotunza ni umbali kati ya sifuri hizo mbili, na kwenye GRBL au LinuxCNC, ambazo ni programu za kuiendesha mashine, umbali huo unakaa kwenye nafasi za G54 hadi G59.

Sasa umeme ukatike. Mota za stepa za kawaida, zinazozunguka hatua kwa hatua, hazina kitu cha kuikumbusha bodi zilipo. Ikiwaka tena, GRBL isiyo na homu inatangaza kwamba pale iliposimama ndipo X0 Y0 Z0, hata kama ni katikati ya meza. Umbali wa G54 bado umo kwenye kumbukumbu, ila sasa unapimwa kutoka mahali pengine. Ukitoa amri ya G28, ile ya kurudi mahali ulipopahifadhi, wakati huo, mashine itaondoka bila wasiwasi wowote kuelekea mahali usipopajua. Mwenye homu anaandika $H, mashine inakwenda kwenye pembe yake, na G54 ya jana inakuwa kweli tena.

Kwa hiyo nitazipima njia zote kwa jambo moja kwanza: inarudi palepale kwa kiasi gani? Swichi ikiwa milimita 7 kutoka mwisho wa reli au milimita 9, hakuna kinachoharibika. Kinachoharibu kazi ni kuwa 7.00 leo na 7.15 kesho.

Kuishi bila homu

Tuanze na njia isiyouzwa na mtu: kutofunga chochote. Unawasha, unabana kipande, unasogeza biti kwa vitufe hadi iguse, unaweka sifuri, unakata. Kwa anayechonga kipande kimoja kisha akabana kingine tofauti kabisa, homu haimwongezei usahihi wowote. Usahihi wake wote uko kwenye kule kugusa. Karatasi ya kawaida chini ya biti ina unene wa karibu 0.1 mm na lazima uihesabu. Kitafuta ukingo cha kipenyo cha 10 mm kinakudai 5 mm kila upande. Sahani ya kugusia inakudai uipime unene kwa venia, kisha G38.2 inashusha biti hadi iguse na G10 L20 inaandika namba. Mwenye swichi za bei mbaya kuliko zote naye bado atafanya haya haya kila anapobana kipande kipya.

Mashine nyingi za aina ya 3018, zenye eneo la 300 kwa 180 kwa 45 mm, zilitoka kiwandani bila swichi hata moja, na watu wamezitumia kuchonga bodi za saketi na nembo bila malalamiko. Eneo ni dogo kiasi kwamba jicho linaona ukuta ulipo.

Njia hii inakatikia sehemu mbili. Moja ni kazi inapositishwa katikati: umeme umepotea, au umebonyeza kitufe cha dharura mota zikiwa mwendoni, na kona uliyoanzia kugusa imeshakatwa haipo tena. Nyingine ni kwamba bodi haijui kuta. GRBL, ambayo mipangilio yake huandikwa kwa namba zenye $, inakataa kuwasha mipaka ya programu ($20), ile inayozuia amri za kupita mwisho wa reli, wakati homu ($22) imezimwa. Inarudisha kosa namba 10 na kukaa kimya. Namba iliyokosewa kwenye programu, mathalani X400 badala ya X40, itafuatwa mpaka skrubu ianze kunguruma mwishoni mwa reli.

Wapo wanaoziba pengo hilo kwa alama: mstari wa kalamu kwenye reli na mwingine kwenye kigari, unavipanganisha kwa jicho kabla ya kuwasha. Inasaidia kuikoa kazi ya mbao au ya nembo. Kwa chuma, jicho linakuacha nje kwa sehemu mbili au tatu za kumi za milimita, na mshono utaonekana.

Anayeamua kutumia geji ya mshale badala ya jicho ajue jambo moja kuhusu draiva za stepa, saketi zinazopeleka umeme kwenye mota. Draiva kama A4988 ikipata umeme huanza daima kwenye hali ileile ya koili, na hali hiyo inajirudia kila baada ya hatua kamili 4 za mota. Kwa mota ya hatua 200, hizo ni sehemu 50 tu kwenye mzunguko mzima. Rota ikiwa katikati ya sehemu mbili, inaruka kwenda iliyo karibu. Kwenye skrubu inayosogeza 2 mm kwa mzunguko, sehemu hizo zimeachana 0.04 mm, hivyo ule mruko unaweza kufika 0.02 mm, kwenye skrubu ya 5 mm unafika 0.05 mm. Maana yake: washa kwanza, ndipo upange geji. Ukipanga kwanza, mashine itakuhama wakati wa kuwasha nawe hutaona.

Kuna njia ya nne ya maskini ambayo kwangu ndiyo bora ya kundi hili, na watu wanaipita bila kuiangalia. Funga jiliwa kwenye meza kabisa, usilitoe. Weka kizuizi kidogo cha pembeni ambacho kila kipande kinasukumwa mpaka kikiguse. Sifuri ya Y iwe kwenye taya lisilosogea, sifuri ya X iwe kwenye kizuizi. Umeme ukikatika, unagusa taya na kizuizi kwa kitafuta ukingo, na umerudi. Taya halikatwi na kazi, kwa hiyo haliondoki. Umepata sifuri ya kazi bila kupitia sifuri ya mashine, na unarudi kwa usahihi wa kitafuta ukingo chako. Bado huna mipaka ya programu, lakini vipande 20 vinavyofanana utavitoa.

Swichi ya kubofya

Hii ndiyo ile ndogo yenye ulimi wa bati, wakati mwingine na kigurudumu kwenye ncha. Inadharauliwa kwa sababu ni rahisi, na nadhani dharau hiyo haina msingi kwa mashine ya mezani.

Tazama jinsi GRBL inavyoitumia. Kwa mipangilio yake ya awali, inapandisha Z kwanza ili biti iwe juu ya kila kitu, kisha inapeleka X na Y pamoja. Inakimbia kuitafuta swichi kwa 500 mm kwa dakika ($25), inaigusa, inarudi nyuma 1 mm ($27), kisha inaiendea tena taratibu kwa 25 mm kwa dakika ($24). Mguso huu wa pili ndio unaoandikwa. Chukulia swichi imechelewa kubadilika kwa sehemu 10 za elfu za sekunde. Kwenye mwendo wa 500, mashine imeshasogea zaidi ya 0.08 mm. Kwenye mwendo wa 25, ni 0.004 mm tu. Kabla ya kulaumu swichi, basi, angalia kama kuna mtu aliyeipandisha $24 ili homu iishe haraka. Homu inafanywa mara moja asubuhi. Sekunde nane haziui mtu.

Tatizo la kweli la swichi hii liko kwenye ulimi na kwenye kishikio. Ulimi mrefu unakuza kila kosa: pale unapobofya kwenye mwili wa swichi ni padogo sana, na ncha ya ulimi inazidisha tofauti hiyo mara kadhaa. Isiyo na ulimi, yenye kitufe kifupi, inarudi vizuri zaidi, ila haivumilii kusukumwa kupita kiasi. Hivyo usiiweke ana kwa ana na kigari kama vile ni kizuizi. Iweke ubavuni, na kwenye kigari funga kipande chenye mteremko kinachoinamisha kigurudumu kikipita. Mashine ikizidi kidogo, inapita tu. Kwa LinuxCNC hili si hiari, kwa sababu inapunguza mwendo polepole baada ya kuhisi swichi badala ya kusimama papo hapo, na lazima iwe na mahali pa kumalizia mwendo huo.

Kishikio nacho: cha plastiki iliyochapwa, kirefu kama kidole, kitacheza kuliko swichi yenyewe. Kipande cha pembe ya alumini chenye skrubu mbili kinamaliza ubishi.

Waya usiulize mara mbili: tumia mguu wenye herufi NC (uliofungwa kwa kawaida), siyo NO (ulio wazi kwa kawaida). Kwa NC, saketi imefungwa muda wote na inafunguka swichi ikibofywa. Waya ukikatika au soketi ikichomoka, bodi inaona kama swichi imebofywa, mashine inagoma, nawe unatafuta kosa. Kwa NO, waya uliokatika unafanana kabisa na swichi isiyoguswa, na Z itapanda mpaka ikwame juu. Kwenye GRBL kubadilisha ni kuandika $5=1. Ukiwa na swichi mbili za mhimili mmoja kwenye pini moja, za NC unaziunga kwa mfululizo.

Adui aliyebaki ni kelele za umeme. Waya wa swichi ukilala sambamba na waya wa mota ya spindo, ile inayozungusha biti, bodi itahisi mibofyo isiyokuwapo, na kazi itasimama katikati kwa alamu namba 1. Tenganisha njia za waya, tumia waya wenye ngao iliyoungwa upande mmoja, weka kapasita ya nanofaradi 100 karibu na pini. Bado inasumbua? Zima $21, ile inayosimamisha mashine kila swichi inapoguswa, uache swichi zitumike kwa homu peke yake, na $20 ilinde kuta. Wengine watasema huo ni uzembe. Kwa mashine ndogo iliyopiga homu na kuandikiwa urefu wake sawasawa kwenye $130 hadi $132, mimi naona ni mpango mzuri kuliko alamu za uongo zinazoharibu kipande kila baada ya saa moja.

Sensa ya ukaribu

Ni ile silinda yenye uzi wa skrubu na uso wa plastiki, mara nyingi ya rangi ya machungwa au buluu, inayohisi chuma bila kukigusa. Haina kitu cha kuchakaa, maji ya kupoozea hayaisumbui, na maranda ya mbao haiyaoni. Anayekata alumini au feleji kila siku kwa maji atashawishika nayo, na ana haki.

Lakini ina masharti yake, na sanduku halikwambii yote. Ile maarufu ya LJ12A3-4-Z/BX inahisi feleji kwa umbali wa 4 mm. Ukimwekea alumini, umbali huo unashuka chini ya nusu. Kwa hiyo kwenye kigari cha alumini, funga kichwa cha skrubu ya chuma kiwe shabaha. Herufi za mwisho nazo zina uzito: BX ni ya NPN (inayovuta waya wa ishara chini hadi hasi) iliyo wazi kwa kawaida, yaani waya ukikatika bodi haijui kitu. Unayoitaka ni AX, iliyofungwa kwa kawaida.

Umeme wake ni wa volti 6 hadi 36, wakati pini ya bodi ni ya volti 5 au hata 3.3. Nyingi zina rezista ndani inayovuta waya wa ishara juu hadi volti za chanzo, kwa hiyo ukiiunga moja kwa moja kwenye bodi huku inakula volti 12 au 24, hizo volti zinaingia kwenye pini. Weka opto katikati, kile kipande kinachopitisha ishara kwa mwanga bila kuunganisha umeme. Kuiwasha kwa volti 5 za bodi ili kukwepa opto ni kuiendesha chini ya kiwango chake.

Halafu kuna joto. Ndani ya saa moja, sensa hii inarudi palepale vizuri sana. Kati ya asubuhi ya baridi na mchana baada ya mota kupasha fremu, sehemu inapohisi inahama kidogo, na yenye umbali mrefu inahama zaidi kuliko yenye umbali mfupi. Kwa X na Y pengine hutagundua. Kwa Z, ikiwa unategemea homu kubeba kina cha kukata kutoka siku moja hadi nyingine, utagundua.

Na maranda: yale ya feleji, hasa yaliyojikunja marefu, yakilala mbele ya uso wake yanahesabiwa kuwa shabaha. Mashine inapiga homu milimita moja kabla ya wakati, kimya kimya, bila alamu yoyote. Swichi ya kubofya ikizibwa na maranda kwa kawaida unaiona imekwama. Hii inakudanganya huku taa yake ikiwaka vizuri. Itazamishe chini au ubavuni, kamwe isitazame juu.

Mwanga na sumaku, kwa ufupi

Sensa ya mwanga, yenye mwanya ambao kibati chembamba kinapita katikati, inarudi palepale kuliko zote hizi ikiwa safi. Neno ni safi. Tone la mafuta au vumbi la mbao kwenye mwanya na habari yake imeisha, labda uifunike ndani ya boksi. Sensa ya sumaku inafaa kwa mbao, plastiki na alumini. Kwa feleji, sumaku yake itafuga ndevu za maranda kabla ya jioni.

Kuiacha mota igonge

Wazo hili limetoka kwenye printa za 3D: draiva kama TMC2209 inahisi mota inapokwama, hivyo unaacha kigari kigonge mwisho wa reli na hapo panakuwa homu. Hakuna swichi, hakuna waya. Marlin, Klipper na grblHAL zinaweza. GRBL ya kawaida haina.

Kwenye printa inayovutwa kwa mkanda, mgongano ni mdogo. Kwenye CNC inayosukumwa kwa skrubu hesabu ni nyingine kabisa. Chukua mota ya nyutoni-mita 1 na skrubu ya 2 mm ambayo theluthi moja ya nguvu inapita na nyingine inaliwa na msuguano. Zidisha pai mara mbili kwa 1, zidisha kwa theluthi, gawa kwa 0.002: unapata karibu nyutoni 1,000. Ni kama uzito wa kilo 100 unaosukuma kigari kwenye bamba la mwisho. Ukipunguza umeme wa mota wakati wa homu, nguvu inapungua. Ukisahau kuurudisha, mota inapoteza hatua kwenye mkato wa kwanza. Kuhisi huko pia kunahitaji mota izunguke kwa kasi ya kutosha, yaani mgongano wa polepole, ambao ndio ungekuwa salama, ndio usiosomeka vizuri. Reli ikiwa na maranda, msuguano unapanda na draiva inadhani imefika ukutani ikiwa bado katikati ya meza.

Nikiri upande wake mzuri: kwa skrubu ya 2 mm, hata mota ikikosea kwa hatua kamili 4, ni 0.04 mm tu. Tatizo si usahihi, ni nguvu ya mgongano na uongo wa katikati ya njia. Kwa mashine ndogo ya skrubu, siipendekezi. Wanaofanya hivyo kwa mkono, kusukuma kigari kwa vitufe mpaka mota ingurume pembeni, wanapata matokeo yaleyale na wanalegeza kapulingi, kiungo cha mota na skrubu, bure.

Walio na mota zenye enkoda, kifaa kinachosoma mzunguko wa mota, wana njia ya heshima zaidi. Swichi ya kawaida inatafuta mahali kwa kukadiria, kisha mashine inasubiri alama ya enkoda inayotokea mara moja kwa mzunguko, na hiyo ndiyo inakuwa homu. LinuxCNC inaita mpangilio huo HOME_USE_INDEX. Swichi inaweza kuwa mbovu kiasi chake, mradi isikosee mzunguko mzima. Kama draiva yako inatoa waya wa alama hiyo, utumie. Kama haitoi, usibadilishe mota zote kwa ajili ya homu.

Pembe gani, na swichi tatu au sita

Z haina mjadala: juu. Kwa X na Y, GRBL huanza na mwisho wa upande chanya, ndiyo maana namba za mashine baada ya homu ni hasi na zinaanza -1.000, ile milimita moja ya kurudi nyuma. Watu wengi huona hasi hizo wakadhani wamekosea. Hawajakosea. Unaweza kuhamisha pembe kwa $23, lakini fikiria kwanza meza inasimama wapi baada ya homu. Pembe inayoleta jiliwa karibu nawe inakufaa kila unapobadilisha kipande, kuliko ile inayopendeza kwenye mchoro.

Swichi sita, mbili kwa kila mhimili, zinalinda hata kabla ya homu kupigwa. Swichi tatu pamoja na mipaka ya programu zinalinda baada ya homu tu. GRBL yenye homu iliyowashwa inaamka ikiwa imejifunga mpaka upige $H, au ujifungulie kwa $X. Asiye na tabia ya kuandika $X kwa haraka atatosheka na tatu. Mwenye tabia hiyo anajijua.

Kwa mtazamo mmoja

| Njia | Kurudi palepale | Maranda na maji | Ikiharibika |
|---|---|---|---|
| Alama kwa jicho | Sehemu za kumi za mm | Haijali | Hujui mpaka ukate |
| Taya na kizuizi | Sawa na kitafuta ukingo chako | Futa kabla ya kugusa | Ni nadra |
| Swichi ya kubofya, mguu wa NC | Sehemu za mia za mm, kishikio kikiwa kigumu | Maranda yanaweza kuikwamisha | Mashine inagoma |
| Sensa ya ukaribu, AX | Nzuri sana, ila inahama na joto | Maji sawa. Maranda ya feleji yanadanganya | Waya ukikatika, inagoma |
| Sensa ya mwanga | Nzuri kuliko zote ikiwa safi | Lazima ifunikwe | Hutegemea ilivyoungwa |
| Mota kugonga | Hatua kamili 4 juu au chini | Maranda yanaifanya isimame mapema | Inagonga au inasimama katikati |

Nani achukue ipi

Nembo, zawadi, kipande kimoja kimoja: baki bila homu, tumia fedha kwenye kitafuta ukingo kizuri au sahani ya kugusia. Vipande vingi vinavyofanana kwenye jiliwa lisilotoka: taya na kizuizi vinakutosha siku zote za umeme wa uhakika. Kazi ndefu za saa kadhaa, au mahali umeme usipotabirika, au jigi uliyoitengenezea nafasi yake kwenye G55 na unataka kuirudia mwezi ujao: swichi tatu za kubofya, NC, kwenye vishikio vya chuma. Unayemwaga maji ya kupoozea kila siku: sensa ya ukaribu kwa X na Y, kwa Z, swichi ya kubofya iliyofichwa juu, mbali na maji, maana huko maranda hayafiki na joto halitakuhamisha. Kuchanganya aina mbili kwenye mashine moja hakuna ubaya wowote, alimradi zote ziwe zinafunguka zikihisi, kwa sababu $5 inageuza pini zote kwa pamoja.

Kuipima uliyochagua

Huhitaji geji. Funga pini ya chuma au kizuizi kwenye meza, unga waya wa kugusia, kisha rudia mzunguko huu: $H, nenda karibu na pini, G38.2 polepole hadi iguse. Bodi itaandika kwenye mabano mahali ilipogusa, kwa namba za mashine. Andika namba hizo kwa mhimili mmoja, mara kumi, kisha zima mashine, iwashe, ongeza nyingine tano. Fanya hivyo asubuhi, na tena baada ya saa ya kukata.

Namba zikitawanyika bila mpango kwa 0.05 mm au zaidi, shika kishikio cha swichi kwa vidole na ukisukume. Mara nyingi kitasogea. Zikiwa zimekaa pamoja asubuhi na zimehama zote kwa pamoja mchana, ni joto. Zikiwa sawa isipokuwa moja moja inayoruka kwa 0.04, 0.08 au 0.12 kwenye skrubu ya 2 mm, swichi yako haina kosa: mota imepoteza hatua nne nne ikiwa njiani kwenda kwenye pini. Hapo punguza kasi na uongezaji kasi wa mhimili huo, safisha reli, angalia skrubu za kapulingi, na uiache swichi ilipo.